Nakala za Fundi Macho

Mume wangu alianza kusema asante mwezi wa tatu, na mimi nikajua nyumbani kwangu kuna jambo.

Msinicheke. Miaka kumi na minane nimeishi na mwanamume ambaye ukichelewesha chakula anauliza ulikuwa wapi, na ukiwahisha anauliza una haraka ya kwenda wapi. Tupa yake ya kuchongea funguo imenipita sikioni mara mbili. Sahani zilizovunjika sizisemi. Halafu siku moja, hivi hivi, namwekea sahani mezani, ananiambia, "Asante, mama watoto." Nikamshika paji la uso nione kama ana homa. Hana. Nikamnusa. Hajanywa kitu.

Tena niseme yote, maana nikianza kuficha mtaniona sina akili. Nilikuwa nimeshaamua kumwacha. Dada yangu mkubwa, anayeishi mji mwingine, aliniandikia barua: chumba kipo, kazi ya kupiga pasi hotelini ipo, njoo wakati wowote. Barua ile niliiweka kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, pamoja na nguo zangu nzuri na vyeti vyangu, nikatia kufuli nililonunua mwenyewe sokoni ili asiliguse. Ufunguo niliutungia uzi nikauvaa shingoni. Nilikuwa namsubiri tu binti yetu wa mwisho afanye mtihani wa mwezi wa kumi na moja, kisha niage. Kwa hiyo mtu huyu alipoanza kuwa mwema, swali langu lilikuwa moja tu: nani amemwambia?

Mume wangu ni fundi wa funguo na vitasa. Mtaani wanamwita Fundi Macho, na jina hilo alilipata kwa kazi. Mtu akipoteza ufunguo, huja kwenye kibanda chake cha mabati pembeni ya duka la dawa akiwa amekata tamaa. Macho anakuna kichwa, anafumba jicho moja, anasema, "Nyumba ya geti la kijani, ufunguo wa mlango wa mbele, nilikuchongea mwaka juzi." Anaingia nyuma ya pazia na tupa yake, na baada ya dakika kumi anatoka na ufunguo mpya unaoingia na kuzunguka bila kukwama. Watu walisema huyu akiona ufunguo mara moja hausahau tena. Hata mimi niliamini, nikashangaa mtu wa kumbukumbu namna hiyo anasahauje siku ya kuzaliwa kwa mtoto wake.

Basi mwezi huo wa tatu, mwalimu mmoja mstaafu, mama wa watu, mjane, alifungiwa nje ya nyumba yake mwenyewe. Macho akamfanyia maajabu yake. Yule mama akamshika mkono akamwambia kipaji kile kimetoka kwa Mungu, kisha akampa Biblia ya marehemu mumewe. Macho alirudi nayo nyumbani amenuna. Nikafikiri ataitumia kuinulia mguu wa meza.

Kumbe anaisoma. Kibandani, kati ya mteja na mteja, kidole juu ya mstari, midomo inacheza kama mtoto wa darasa la pili. Mimi ndiye mtu wa kanisa katika nyumba ile. Naimba kwaya sauti ya pili, nimefunga na kuomba miaka yote hiyo Mungu ambadilishe mume wangu. Alipobadilika, nilisema huyu ana mwanamke.

Mimi kazi yangu ni kupiga pasi nguo za watu, na mifuko ya nguo imenifundisha mengi. Mwanaume haachi kugomba bure. Nikawa naikagua ile Biblia kila akienda kuoga, nione kama anasoma kweli au anajipamba. Na hapo nilishindwa, maana vidole vyake huwa na unga wa shaba wa funguo, na unga ule ulikuwa umeingia kwenye kurasa. Ukifungua Mathayo, unga. Marko, unga. Luka, unga mpaka katikati, halafu kurasa safi. Wiki iliyofuata unga umesogea. Mtu huyo alikuwa anasoma kwelikweli, na hilo liliniudhi zaidi.

Mwezi wa tano nikakuta karatasi kati ya kurasa. Orodha, kwa mwandiko wake. Namba moja ilikuwa haina jina. Kuanzia mbili: "Mwalimu mstaafu, mlango wa mbele. Mshonaji, mlango wa nyuma. Muuguzi wa zahanati, chumba cha kulala." Na kuendelea, majina thelathini, mengine yamewekewa alama ya vema. Mshonaji alikuwa na vema. Muuguzi bado.

Nilikaa kitandani nikaisoma tena toka mwanzo. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea. Halafu anasema asante.

Siku ya pili, saa tisa alasiri, alifunga kibanda akashika njia ya zahanati. Nikamfuata na kapu la nguo kichwani kama ninayepeleka kwa wenyewe. Akapiga hodi nyumba ya muuguzi, akaingia. Nikahesabu mpaka ishirini, nikaingia bila hodi.

Muuguzi alikuwa amesimama na sare yake ya kazi. Mume wangu alikuwa amesimama pia, mbali naye, kofia mkononi. Katikati yao, juu ya meza, palikuwa na ufunguo wenye kipande cha karatasi kilichofungwa kwa uzi.

"Rudia," muuguzi alisema, macho yake kwa mume wangu, wala hakushangaa mimi nimetoka wapi. "Mkeo naye asikie."

Akarudia. Hakuwa na kumbukumbu yoyote ya ajabu. Kila alipomchongea mtu ufunguo, alichonga na wa kwake kisiri, akautia kwenye kopo la maziwa ya unga nyuma ya pazia. Fundi aliyemfundisha kazi alimfundisha hivyo: ukiwa na nakala, mteja akipoteza wake unamshangaza, na sifa inakulisha. Hakuwahi kuingia nyumba ya mtu. Lakini aliwaambia wote kwamba ufunguo ni mmoja tu, na haukuwa mmoja.

"Miaka minne," muuguzi alisema, "nalala peke yangu humu na ufunguo wa chumba changu uko kwenye kopo lako. Toka."

Tulitoka. Barabarani nikamvaa. Nilimwambia ana wazimu. Nilimwambia watu watabadilisha vitasa kwa mafundi wengine, kila redio iliyoibwa tangu enzi za babu yake ataulizwa yeye, na sisi tutakula Biblia. Kwa nini asingelitupa lile kopo chooni, akatubu kimyakimya kama wenzake?

"Nimesoma habari ya yule mtoza ushuru mfupi aliyepanda mti," alisema. "Hakuishia kusikitika. Alirudisha."

"Yeye aliiba. Wewe umeiba nini?"

Akasimama, akanigeukia. Mkono wake wa kulia ulikunja ngumi. Mkono ule naujua, najua huwa unaelekea wapi. Nikarudi hatua moja. Akautia mfukoni, akaubana humo, akatembea mbele yangu mpaka nyumbani.

Yalikuwa kama nilivyosema. Ndani ya wiki tatu alimaliza majina yote ya orodha, na ndani ya wiki tatu mtaa mzima ulikuwa na vitasa vipya. Askari walikuja, wakauliza, wakaandika, wakaondoka. Kwenye kwaya wenzangu walianza kuvuta mikoba yao karibu nikikaa, na mmoja akaniuliza kwa utani kama mimi naye nina kopo. Nilicheka kwa meno tu. Niliona aibu mpaka nikahama mstari wa mbele.

Na bado sikumwamini. Nilisema huyu mjanja, anataka nimwonee huruma nisiondoke. Tatizo likawa Biblia yenyewe. Kazi ilipokwisha, unga wa shaba ukaisha vidoleni. Kurasa zilibaki safi, nikashindwa kujua kama anaendelea au ameacha. Siku moja ikabidi nimuulize kwa kinywa changu, "Umefika wapi?"

Alinitazama kama aliyeulizwa na mgeni. "Warumi," alisema. "Sielewi hata nusu." Nikamwambia hata mchungaji wetu haelewi vizuri. Akacheka, nami nikacheka, kisha nikakasirika kwamba nimecheka.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, nilikuwa napasha pasi moto. Binti yetu alikuwa kwa rafiki yake akijisomea. Macho akaja akaweka kitu juu ya meza ya kupigia pasi. Ufunguo mdogo, wa shaba.

"Wa sanduku lako," alisema.

Nilishika shingo. Wangu ulikuwepo.

"Ulikuwa unaoga, ukaacha uzi wako kwenye msumari. Nikaubonyeza kwenye kipande cha sabuni. Mwaka jana, mwezi wa sita."

"Umefungua?"

"Mara nne. Barua ya shemeji nimeisoma mara nne."

Mwezi wa sita mwaka jana ndipo alipovunja kioo cha kabati kwa sababu ya chumvi. Nikaelewa kioo kile hakikuwa cha chumvi.

"Kwa hiyo nilikuwa sahihi," nikasema. "Umekuwa malaika ili nisiondoke."

"Niliposoma barua nilizidi kuwa shetani, mama. Nilitaka uondoke upesi, nikuseme vibaya kwa watu. Haya mengine yamekuja baadaye." Alikuwa hanitazami. "Wewe ndiye namba moja kwenye orodha. Kila siku nilikuruka. Askari sikuwaogopa kama nilivyokuogopa wewe."

Nilizima pasi. Nililia kwa hasira, si kwa huruma. Mwanamume ambaye nilimficha siri miaka miwili alikuwa akiifungua na kuifunga, huku akila nami sahani moja. Nikamwambia asinishike, na asithubutu kuniomba msamaha siku ile.

"Sitaomba leo," alisema. "Ukitaka kwenda, nenda. Nitakubebea sanduku mpaka stendi." Akatoka nje akakaa kwenye ngazi.

Usiku ule nililala chumba cha binti yangu, na asubuhi nikajua la kumwambia. Nitamwambia kwamba mtihani ukiisha naondoka, na sanduku nitabeba mwenyewe. Nikashika njia ya kibandani kabla moyo haujalegea.

Nikamkuta na mteja, wa kwanza baada ya wiki tano. Mwanamke mgeni mtaani, mtoto mgongoni, ameshika ufunguo wake kwa vidole vyote vitano. Ni wazi alikuwa ameshaambiwa habari. Aliponiona akanigeukia.

"Shikamoo, dada. Wewe ndiye mkewe?"

"Marahaba. Ndiye mimi."

"Wanasema anabaki na nakala. Nimwachie kweli ufunguo wangu?"

Macho hakuinua kichwa. Mikono yake ilikuwa juu ya jiliwa, kile chuma cha kubania funguo, wazi, haifanyi kitu. Neno moja langu lingefunga kibanda kile siku hiyo hiyo, na nilikuja na neno. Miaka kumi na minane ilinipa haki ya kulisema. Nikatafuta ndani yangu ile shaka yangu, maana hainikosi kamwe, nikaikuta ipo. Ila haikuwa na la kusema juu ya ufunguo wa mwanamke huyu.

"Alikuwa anabaki nazo," nikamwambia. "Amezirudisha zote. Ya mwisho jana, yangu mimi, na hakuna aliyekuwa anajua kama anayo."

"Kwa hiyo unamwamini?"

"Sijafika huko, mdogo wangu. Lakini mpe. Mimi nitakaa hapa mpaka amalize."

Nikavuta kigoda, nikakaa mbele ya mikono yake, nikamtazama akichonga mpaka mwisho. Pazia la nyuma alikuwa ameling'oa. Yule mwanamke aliondoka na funguo zake mbili, na kwenye meza hakukubaki kitu.

Wiki ile nilimwandikia dada kwamba chumba ampe mtu mwingine, ila asiwe mtu wa kukaa miaka.