Kadi ya mama ilikataliwa kwenye duka la mtandaoni, baba mdogo akataka tuweke jina lake

Wakuu, habari za humu. Wakubwa zangu shikamooni, wa rika langu mambo.

Mimi ni mmoja wa wale wa kusoma nyuzi za watu na kupita kimya. Darasani kwenyewe (kidato cha tatu) naona aibu kunyoosha kidole hata jibu nikilijua. Mambo yangu naandika kwenye diary. Ila hili limetokea nyumbani kwetu Kizwite, Sumbawanga, na limenikaa kooni. Sijaongeza chumvi.

Iko hivi.

Mama yangu anafuma sweta za watoto wachanga. Waliowahi kufika huku wanajua baridi yetu, kwa hiyo sweta si urembo.

Tatizo ni kwamba kazi yake yote inapitia kwa baba mdogo, mdogo wake marehemu baba. Yeye anabeba mzigo, anaupeleka Tunduma, akirudi anampa mama anachojisikia kumpa. Mama akiuliza, jibu ni lile lile: "Shemeji, biashara ya huko huijui wewe."

Basi nikamwambia mama tufungue duka lake mtandaoni. Mimi umri haujafika, kwa hiyo akaunti ya muuzaji ikawa ya mama, mimi ni mjazaji tu. Picha nikapiga, bei tukaweka, ikabaki hatua moja.

Kuweka kadi.

Hapo mama akataka kukata tamaa, maana benki hana akaunti. Nikamwambia siku hizi laini ya simu inakupa kadi. Siyo ya plastiki, unapewa namba tu, tarehe ya kuisha na zile tarakimu tatu za siri. Laini yake imesajiliwa kwa kitambulisho chake, ikatoka bila shida. (Wakuu wa IT msinicheke, kuna wenzetu hawajui.)

Nikajaza. Ikakataa.

Nikasema ni mtandao. Nikatoka nje, nikapanda juu ya tofali nimeinua simu kama natafuta redio. Ikakataa tena, safari hii na maelezo: jina la kwenye kadi halilingani na jina la mwenye akaunti. Na onyo juu yake, nikikosea tena akaunti inafungwa.

Jina la mama nalijua, kwani mimi nimekosea wapi?

Kabla sijapata jibu, baba mdogo huyo mlangoni, kaja kuchukua mzigo. Nikamwamkia vizuri tu. Mama, kwa wema wake, akamweleza kilichotukwamisha.

Alicheka mpaka akakaa.

"Mama Joseph, hata mtandao unajua mwenye biashara ni nani! Umekukataa!"

(Joseph ni kaka yangu mkubwa, yuko Mbeya.)

Akachomoa kadi yake ya benki, akaiweka juu ya sweta zilizokunjwa. "Wewe binti, futa hilo jina, andika langu. Hii haijawahi kukataliwa popote."

Sindano za mama za kufumia zikasimama.

Wakuu, simu nilikuwa nimeishika mimi. Nikaona kitakachofuata: jina lake, kadi yake, mauzo yanaingia kwake. Tungekuwa tumehama Tunduma kwenda Tunduma, safari hii kwa bando letu wenyewe.

Nikasema, "Baba mdogo, hapana."

Sauti ilitoka ndogo mpaka mwenyewe niliionea huruma.

"Unasemaje?"

"Nimesema hapana. Duka ni la mama."

Akamgeukia mama. "Unamsikia mwanao? Ndiyo shule inawafundisha hivi?"

Mama akajibu bila kuinua kichwa. "Nimemsikia, shemeji. Amesema hapana."

Kisha akaniambia, "Hebu nisomee ulipoandika jina."

"Agnes Sikazwe."

Mama akaweka ufumaji chini. "Sikazwe? Mimi nimekuwa mwanaume lini?"

Ngoja niwaeleze wasio wa huku. Kwao mama, upande wa Kalambo, jina la ukoo linafuata jinsia. Mwanaume ni Sikazwe, mwanamke ni Nakazwe. Babu Sikazwe, mjomba Sikazwe, mama Nakazwe. Bibi humwita hivyo, ila mimi nilidhani ni la kudekezana nyumbani. Hata cheti changu cha kuzaliwa, karani aliandika mama yangu ni Sikazwe, akafuata la babu.

"Hata yule wa vitambulisho alitaka kuniandika Sikazwe," mama akasema. "Niligoma pale dirishani. Foleni nzima ilinisonya. Akaandika Nakazwe."

Kwa hiyo kadi ilikuwa sahihi kuliko mimi.

Baba mdogo akadakia, "Sasa herufi mbili tu hizo! Andikeni jina la mume mmalize."

Mama akamwangalia. "Hizo mbili ndizo zinazolipwa, shemeji."

Nikafuta Si, nikaandika Na. Mama kanishika mkono kama tunavuka barabara. Nikabonyeza.

Kadi imekubaliwa.

Baba mdogo akaokota kadi yake, akauliza mzigo uko wapi. Sweta ziko mbele yake, anaziona.

Mama akasema, "Mzigo wa leo haupo. Chai ipo."

Hakunywa.

Tangu siku hiyo anapita kwa majirani kusema nimekosa adabu. Shangazi kapiga simu, anataka niombe msamaha. Siombi. Shikamoo yake nitampa kila nikimwona, ila hapana yangu inabaki palepale.

Nilichojifunza: jina kwenye akaunti liwe vilevile lilivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi, usijaze kwa mazoea. Na anayekuja kukusaidia kwa kadi yake, muulize kwanza duka litakuwa la nani.

Sitawadanganya kwamba tumetajirika. Mpaka sasa mama kauza sweta moja, mteja wa Iringa, naye kalalamika mikono ni mirefu. Kaniambia nimsomee hilo lalamiko mara tatu, anatabasamu. Miaka yote hiyo hakuna mnunuzi aliyewahi kumwambia kitu. Sasa hivi anafuma nyingine, mikono mifupi.

Haya, mnaoona binti hakupaswa kumjibu baba mdogo, andikeni hapo chini. Uso kwa uso naona aibu, ila humu nitawajibu mmoja mmoja.