Unga wa maabara kwenye vipaji vya watoto

Jamani, nisaidieni.

Leo mwalimu wangu wa chuo kikuu kanipigia kutoka Nairobi, kwenye ile simu ya kuzungusha ya dukani hapa mtaani kwetu, Barani.

"Ule unga uliotuma Ulaya upigwe eksirei ni kitu gani?"

Nikamjibu ni oksidi ya shaba, ule unga mweusi niliokuwa nao nyumbani kwenye chupa. Si tulitaka kuona elektroni za shaba zinakaaje ikishikana na oksijeni?

"Shaba hamna hata chembe. Eksirei imeonyesha madini ya risasi."

Risasi! Hiyo si ndiyo ya wanja wa mawe?

Nikarudi nyumbani mbio. Mama kampakata mtoto wa dada yangu, kipajini ana doa jeusi ti la kukinga kijicho.

"Mama, chupa yangu uliigusa?"

"Wanja wako ulikuwa mzuri, mwanangu. Nikauchukua, nikakujazia chupani wangu wa mawe, nisije nikakudhulumu."

Nimemwosha mtoto mpaka kalia, maana ule wa maabara ukiingia machoni au mdomoni una madhara. Machoni hakupakwa, alhamdulillahi.

"Na uliobaki?"

"Nimewagawia wenye watoto wachanga, mtaa mzima."

Sasa niko mlangoni kwa jirani wa kwanza na kitambaa cha maji mkononi. Wenzangu, nikishafunguliwa niseme nini?