Sumie Kuwabara: Mwaka wa 31 akiwashukuru panya wa maabara

Saa kumi na mbili asubuhi, mlango wa Chumba cha Tano unafunguka kwa mnong'ono wa hewa, na Sumie Kuwabara anaingia kwenye wekundu. Taa za humu ni nyekundu kwa sababu panya hawaioni rangi hiyo. Kwao huu ni usiku wa manane, na shughuli zao ndiyo kwanza zimepamba moto.

Bi Sumie, mwenye umri wa miaka 64, amevaa vazi jeupe linalomfunika kuanzia utosini hadi nyayoni, barakoa, na glavu mbili kila mkono. Kilichobaki wazi ni macho tu. Anasimama, anainama kidogo, kisha kabla hajagusa chochote anasema polepole, kama anayembembeleza mtoto asiyetaka kuamka: "Namandabu, namandabu, namandabu."

Ni jina la Buddha Amida, anayeaminiwa kumpokea kila anayemwita, lilivyolainika vinywani mwa watu wa eneo la Hokuriku nchini Japani kwa vizazi na vizazi.

Vizimba mia nne vya plastiki vimepangwa kwenye rafu hadi karibu na dari. Ndani yake, juu ya maranda, vijiguu vinapitapita. Ukisikiliza kwa muda, sauti hiyo inakuwa kama theluji nyepesi inayogusa karatasi ya dirisha la Kijapani, na mtu anaweza kusahau yuko wapi.

"Hata mimi huwa nasahau," anasema Bi Sumie. "Kuna siku naona kama niko chini ya bahari, nimeelea tu. Halafu mmoja ananing'ata kidole, nakumbuka kazi."

Kazi yake ni kubadilisha maranda, kujaza chupa za maji, kuosha vizimba na kuvipitisha kwenye mashine ya mvuke, na kuwatambua panya wagonjwa kabla watafiti hawajafika. Huu ni mwaka wake wa 31 katika taasisi moja ya utafiti wa tiba, pembezoni mwa mji wa Kanazawa. Analipwa yeni 1,180 kwa saa. Mgongo umeanza kumgomea, na tangu mwaka juzi manyoya ya panya humpigisha chafya mfululizo hadi machozi yamtoke.

Alianza akiwa na miaka 33, mama wa binti mmoja. Mume wake, Teruo, alikuwa fundi wa kufua dhahabu hadi iwe nyembamba kama ngozi ya kitunguu, na moyo wake ulikuwa umeshaanza kuchoka. Daktari wa hospitali aliwaeleza kwamba dawa mpya aliyoandikiwa ilianza kujaribiwa kwa panya. Dawa hiyo ilimpa miaka kumi na mmoja zaidi.

"Teruo akishameza kidonge alikuwa anaunganisha viganja, halafu ananiambia, 'Kawasalimie wenzako huko kazini.' Mwanzoni nikadhani ananitania. Ilinichukua muda kujua kwamba hatanii," anasema.

Hapo ndipo alipoanza kuwaambia namandabu. "Hizo ndizo salamu pekee nilizokuwa nazo."

Kwa miaka mingi hakuna aliyejali. Kisha, miaka minne iliyopita, akaja Dkt. Nishiwaki, mtafiti mwenye miaka 38, anayechunguza jinsi ubongo unavyohifadhi hofu. Panya wake waligawanywa: nusu Chumba cha Tano, nusu Chumba cha Sita. Ukoo mmoja, chakula kimoja, joto lile lile. Lakini majibu ya vyumba hivyo viwili yalikataa katakata kukubaliana.

Miezi saba alihangaika. Alibadilisha vipimajoto, akabadilisha sabuni, akapima hata mtetemo wa sakafu. Asubuhi moja, akiwa amewahi kuliko kawaida, akapita kwenye korido na kusikia sauti nyuma ya mlango.

"Bi Kuwabara, unaongea na nani?"

"Na hawa."

"Kila siku?"

"Jumapili ni zamu ya mwenzangu. Yule hasemi kitu, ana redio yake masikioni."

"Na Chumba cha Sita je?"

"Cha Sita si changu, Daktari."

Bi Sumie anacheka akikumbuka. "Akakaa chini palepale sakafuni. Nikajua amezirai. Kumbe anafikiri! Akaniambia panya wangu hawaogopi inavyotakiwa. Mpaka leo sijui kama siku ile nilikuwa nasifiwa au nafukuzwa."

Karibu afukuzwe kweli. Mkuu wa kitengo alitaka ahamishiwe kwenye kufua nguo, kisha akalegeza: abaki, lakini afunge mdomo. Kwa wiki tatu Bi Sumie aliingia Chumba cha Tano kimya.

"Nilikuwa naingia kama mwizi," anasema. "Unamfungulia mtu mlango wake, unamshika, unamhamisha, na hujamsalimu. Nikawa nasema namandabu zangu kwenye banda la baiskeli nikijifanya natafuta funguo. Nao wakaanza kuning'ata."

Dkt. Nishiwaki hakuridhika na ukimya. Alitaka kujua ni nini hasa kilichokuwa kikiwatuliza. Akamwomba mkuu ruhusa ya jaribio jipya la wiki nane. Chumba kimoja kibaki kimya. Cha pili Bi Sumie aseme namandabu zake. Cha tatu asome utabiri wa hali ya hewa, kwa sauti ile ile na muda ule ule.

Bi Sumie alikubali, lakini hakuwa na amani. Miaka yote hiyo hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu angeweza kuliweka jina la Amida kwenye mizani. Akaenda hekaluni kwake kumwona Mtawa Ryokai, aliyekuwa barazani akimenya matunda ya Kijapani ya kuanikwa, yale ya rangi ya chungwa yanayoitwa kaki.

"Ikionekana si kitu je?" akamuuliza.

"Kwani wewe ulikuwa unawapa dawa?"

"Hapana."

"Ulikuwa unataka wakupe kitu?"

"Panya wanipe nini, Mtawa?"

"Basi huyo daktari atapima nini?" Mtawa akamkabidhi kisu. "Kaa, unisaidie. Yamebaki kapu zima."

Bi Sumie anasema majuma nane yale yalipita kama ndoto ya mchana. Alitoka chumba hadi chumba ndani ya ule mwanga mwekundu, akiliita jina huku, akitangaza mawingu kule. "Kuna wakati nilichanganya. Nikawaambia panya, 'Namandabu, pwani ya Noto mawimbi mita mbili.' Ikabidi siku ile ifutwe kwenye hesabu."

Majibu yalipotoka, Dkt. Nishiwaki aliyapeleka mwenyewe kwenye chumba cha kuoshea, akiwa na boksi la keki za maharage mekundu.

"Mtu mzito kama yule akija na keki, ujue kuna msiba," anasema Bi Sumie.

"Samahani sana, Bi Kuwabara," daktari alisema, akiwa ameinama. "Wa chumba cha kimya wana hofu kama kawaida. Wa namandabu wametulia sana. Lakini wa hali ya hewa wametulia vilevile. Si maneno. Ni sauti yako tu, na ile hali ya kuizoea."

"Kwa hiyo 'mvua za hapa na pale mchana' nayo imewatuliza?"

"Sawasawa kabisa."

Bi Sumie alicheka hadi akavua barakoa. "Basi Amida ana moyo mkubwa kuliko nilivyodhani. Anapokea hata mvua!"

Daktari hakucheka. "Haikuumi?"

"Daktari, ukimwambia mama yako asante, huwa unampima kwanza shinikizo la damu uone kama imefanya kazi?"

"Sidhani kama panya wana roho. Hata mimi sina hakika kama ninayo," anasema Dkt. Nishiwaki. "Lakini nilikwenda kumvunja moyo mtu, nikarudi ofisini na keki nusu boksi na akili imevurugika."

Utaratibu ulibadilika. Siku hizi kila chumba kinapewa sauti ya mtu kila asubuhi, muda sawa, kila siku ya juma. Mfanyakazi anachagua atakachosema. Chumba cha Sita husomewa matokeo ya besiboli. Bi Sumie alirudi kwenye maneno yake.

Kila Oktoba taasisi hufanya ibada ya kuwakumbuka wanyama, mbele ya jiwe lililo nyuma ya jengo. Watafiti hujipanga kwa suti nyeusi, kila mmoja akaweka ubani. Kwa miaka mitatu Dkt. Nishiwaki alituma wasaidizi. Mwaka jana alikuja mwenyewe, kwenye manyunyu, bila mwavuli. Alisimama mbele ya jiwe muda mrefu hadi waliokuwa nyuma wakaanza kukohoa.

Alipoulizwa alichokuwa akisema, alijibu: "Nilitaja idadi ya panya wangu. Elfu mbili mia tatu na kumi na sita. Sikuwa na kitu kingine cha kusema."

"Nilikuwa nyuma yake, nilimsikia," anasema Bi Sumie. "Nikaona hata mimi sijawahi kuomba vizuri hivyo."

Mwezi Machi anastaafu. Wengi walitarajia aseme atapumzika, atalima mboga, atakwenda chemchemi za maji moto. Badala yake ana fomu. Ni ya kutoa mwili wake, siku atakapokufa, kwa wanafunzi wa udaktari wajifunzie. Fomu hiyo haikubaliki bila idhini ya familia, na familia ni binti yake Chinatsu, msusi mwenye saluni yake mjini Komatsu. Mara mbili amekataa.

"Mama, watakukatakata!"

"Najua. Miaka thelathini na mmoja nimewapelekea wa kuwakata."

"Wewe si panya!"

"Ndiyo maana mimi nimeletewa fomu, mwanangu. Wao hakuna aliyewauliza."

Chinatsu alinyanyuka mezani akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Hawakulizungumza tena kwa mwezi mzima.

Bi Sumie hasemi kwamba anafanya hivi kwa ajili ya sayansi, wala kwa ajili ya pepo. Amida ameshampokea, anasema, hilo halina mjadala. Mwili unabaki, na kuna mtu anauhitaji. "Sioni kwa nini nichague upande. Nimekula pande zote mbili."

Jumapili iliyopita simu ililia akiwa anaanua nguo. Alikuwa Chinatsu. Aliuliza habari za mgongo. Akauliza kama mvua imeanza. Kisha mama akasikia mashine ya kukaushia nywele ikizimwa.

"Ile fomu," Chinatsu akasema, "wanataka sahihi ya kalamu au ule muhuri wa jina?"

"Muhuri."

"Muhuri wangu sijui niliuweka wapi."

"Utafute taratibu," mama yake akamjibu. "Sina haraka ya kufa."