Kigoda cha Mjua Maneno

Shule niliishia darasa la tatu, lakini nilikuwa na redio. Kwa hiyo uchaguzi wa vyama vingi ulipofika kwetu Bugarama, maneno ya kampeni yalikuwa yangu. Kwa shemeji yangu, mke wa kaka, aliyeuza pombe ya ndizi, nilikuwa na kigoda changu karibu na chungu, na mrija wa kunywea nilipewa mimi wa kwanza. Wanywaji wakiuliza, nawajibu. Ilani? Karatasi ya chama yenye picha. Sera? Siri za chama. Nani angenibishia?

Akaja mkimbizi mmoja. Miaka ile kambi zilijaa, kuni zikaisha milimani, hata betri za redio zikapanda bei, ila hayo niyaache. Kwao Burundi alikuwa mwalimu. Kwetu alikuwa kibarua kwenye kahawa ya jirani. Kirundi chake na Kihangaza chetu ni ndugu, na Kiswahili alikijua kuliko mimi na redio yangu. Siku moja shemeji akamuuliza yeye, mimi nimekaa palepale:

"Mwalimu, hii sera ni kitu gani?"

"Mama, ukienda kuposa, baba wa binti anakuuliza utamlisha nini mwanawe. Unachomjibu kabla hujapewa mke, ndiyo sera."

Walicheka mpaka mmoja akamwaga pombe. Shemeji akanigeukia. "Kumbe! Na wewe ulisema siri za chama!"

Kesho yake nikamkuta mwalimu kwenye kigoda changu. Nilikunywa nimesimama.

Halafu mgombea akaja uwanja wa shule. Watu wake wakatafuta mtu wa kumgeuzia maneno kwa Kihangaza, maana bibi zetu Kiswahili hawakukisikia. Nafasi ile niliitaka kuliko mvua. Macho yote yakamwendea mkimbizi.

Nikapaza sauti: "Huyo si raia! Anatakiwa awe kambini!"

Mgambo akageuka. Mwalimu akavua kofia, akarudi nyuma mpaka kwenye uzio wa minyaa. Nikapanda mimi.

Mgombea akasema, "Sera yetu..." Nikafungua mdomo. Ikatoka ile posa ya mwalimu, neno kwa neno. Uwanja mzima ukapiga makofi, mgombea akanishika bega. Nikatazama kwenye minyaa: midomo yake ilikuwa inatembea pamoja na yangu, na mgambo keshamkamata mkono. Mwalimu hakurudi tena.

Jioni ile kigoda kilikuwa wazi. Nikakaa. Shemeji akaushika mrija, hakunipa.

"Mwalimu alituahidi kutueleza ilani leo. Haya, shemeji, tueleze wewe."

Watu wakanitazama mdomoni.

"Ni karatasi ya chama," nikasema. "Ina picha."

Shemeji akampa mrija aliyekaa pembeni yangu. Mpaka leo, uzee huu, namwonea wivu mwalimu yule: hata alipokuwa hayupo, walimngoja yeye.