Bolti ya Mjomba

Juzi huko Bondeni nilimwona fundi akijaza maji tanki ya kompresa kuukuu, mashine ya kubana hewa, ili aipime. Alipoongeza presha kwa pampu ya mkono, ilipasuka palipoliwa na kutu, na maji yakamlowesha viatu tu.

"Ingekuwa hewa, mathe," akaniambia, "saa hii tungekuwa tunaokotwa vipande vipande."

Nikakumbuka alasiri moja nyumbani Njoro, nikiwa mtoto. Mjomba, kaka ya mama, alikuwa amefufua kompresa iliyolala miaka mingi kwa banda la kuku. Ilinuka mavi ya kuku na oili iliyoungua. Valvu ya usalama, ile ya kutoa hewa ikizidi, ilipiga mluzi bila kunyamaza, na mimi nikadhani mashine inalia kwa uchungu. Nikatoa bolti kwa mkebe wa baba, nikampa mjomba, akaziba valvu nayo. Ikanyamaza. Nilifurahi sana.

Baba alipofika akaiona ile bolti. Alizima mota, akamrukia mjomba, akampiga ngumi ya mdomo, na alipoanguka akampiga mateke.

"Unataka kuniulia mtoto?"

"Shemeji, ilikuwa inavuja tu!"

"Na bolti umetoa wapi?"

Mjomba alinitazama, damu ikimchuruzika kidevuni. "Nimeokota."

Nilidhani anapigwa kwa sababu ya wizi, kwa hivyo nikanyamaza. Labda sikumbuki yote sawasawa. Baba hakukosea kuhusu tanki, na mjomba hakuwa mtu mbaya. Mimi ndiye sijui nijiweke wapi. Mjomba bado hunichekea na lile pengo la jino aliloling'olewa siku ile, na baba bado sijamwambia kuwa bolti niliitoa mimi.