Alizeti Ndani ya Shokapu

Fundi Theodora hana hasira za kupanda polepole. Huwaka mara moja, na Jumanne ile aliwaka pikipiki ikiwa bado kwenye mkokoteni, mlangoni mwa karakana yake.

Ilikuwa pikipiki ndefu ya kituo cha afya, matairi ya meno, ya kupeleka chanjo vijiji vya chini ya mteremko wa Sekenke. Wiki tatu nyuma Ritha, muuguzi wa chanjo, alianguka nayo konani akavunjika mkono. Badala ya pole akapewa barua: umeendesha kwa uzembe, jieleze kwa nini usifukuzwe kazi. Barua iliandaliwa na Gervas, msimamizi wa usafiri, ambaye kalamu yake imefanya sevisi nyingi kuliko spana zake.

"Shikamoo mama," alisema Gervas.

"Marahaba. Nani amezifunga shokapu hizi bandeji?"

Shokapu za mbele zilikuwa zimeviringishiwa vipande vya tyubu, juu mpaka chini.

"Zilikuwa zinavuja kidogo tu. Wewe weka sahihi kwenye fomu kwamba chombo ni kizima, daktari ana haraka."

Daktari Abdulkadiri, mganga mfawidhi, aliangalia saa yake kuthibitisha. Ritha alikaa juu ya pipa, mkono kwenye plasta, barua mapajani.

Theodora alijifunza spana kwenye mashine ya kusaga ya baba yake, na mwaka wa ishirini na mbili huu anasikia kwamba ufundi si kazi ya mwanamke, hasa kutoka kwa wanaume wanaosukuma pikipiki zao kuja kwake. Kila pikipiki akiipokea, hubana breki ya mbele, huulalia usukani kwa mwili wote, kisha huachia. Shokapu nzima huzama na kurudi kwa utulivu. Hii ilizama ikabaki huko huko.

"Imesujudu," alisema. "Na haina mpango wa kuinuka."

Akakata tyubu. Sili, ile mipira ya kuzuia oili, zilikuwa zimepasuka, na oili imetiririka mpaka kwenye diski ya breki. Akachomoa miguu yote miwili ya shokapu, akafungua vifuniko, akamimina. Wa kulia ulitoa matone. Wa kushoto ulitoa uji wa njano wenye mchanga.

Theodora alinusa. Akanusa tena. Kisha akaingia jikoni kwake, akatoka na jiko la mkaa lenye moto, kikaango na kitunguu.

"Mama, unafanya nini?" Gervas aliuliza, sauti imepungua.

"Ukaguzi."

Akachuja ule uji kwa kitambaa, akaumwaga kikaangoni, akatupia kitunguu. Dakika mbili tu, karakana nzima ikanukia mchana wa nyumbani. Mafuta ya alizeti, tena yale ya kukamuliwa mtaani. Hata daktari alimeza mate, kisha akaona aibu.

"Oili ni oili," alisema Gervas. "Ile ya shokapu ilikuwa haipatikani."

"Kwenye kitabu cha sevisi umeandika umeweka!" Ritha aliruka kutoka kwenye pipa. "Nimebana breki pale konani, kaka Gervas, nikabana hewa!"

"Oili ni oili, eti?" Theodora alisema. "Basi naifunga hivi hivi, na hiyo alizeti yako. Uteremke nayo Sekenke sasa hivi, tukutazame."

"Mimi nina goti, mama."

"Na yeye alikuwa na mkono."

Daktari alikohoa. Akasema barua ya Ritha itafutwa, na hili lingine litamalizwa kiutawala. Theodora alizichukua springi zote mbili za shokapu, akaziweka mfukoni mwa ovaroli.

"Kiutawala ndiko ilikotoka hiyo alizeti. Andika sasa, daktari: nani alijaza, nani alidanganya kitabuni, na Ritha hana kosa. Bila hivyo pikipiki hii haitapata miguu."

Daktari aliandika, akiegemea pipa, mistari sita. Ritha aliisoma karatasi hiyo mara mbili, akaikunja, akaitia kifuani. Ile barua ya kwanza aliisukuma chini ya kikaango, ikashika moto.

Ndipo Theodora alipotoa sili mpya na oili ya shokapu yenyewe, akapima kwa rula, kulia sawa na kushoto, akarudisha springi na kufunga miguu. Akaulalia usukani. Ikazama, ikarudi taratibu. Hakutabasamu.

Gervas alikuwa bado amesimama karibu na jiko.

"Unangoja nini?" Theodora akamsukumia kikaango. "Kula. Si sevisi yako hiyo?"