Upande wa Nyuma wa Mashine

Chuo ni cha serikali, na mashine za kukereza vyuma ziko nne. Usifurahi kwanza. Moja ilikufa kabla mkuu wa chuo wa sasa hajaletwa, ya pili ilinyofolewa vipuri ili ya tatu ipone, na ya tatu haikupona. Kwa hiyo mashine ni moja, na darasa lina wanafunzi sitini. Hapo ndipo alipokuja kusoma binti mmoja mfupi, mwembamba, ambaye wenzake walimwita Pilipili, kwa ule msemo wa kutoidharau kwa udogo wake. Jina alilipenda. Mama yake, mfua mashuka wa hospitali, alishawatangazia wauguzi wote kwamba mwanawe anakuwa fundi wa vyuma. Mwenye karakana ya mtaani kwao naye aliahidi kumchukua akifaulu mtihani wa vitendo. Akifeli, nafasi anapewa mtu mwingine, na karakana nyingine haipo.

Siku ya kwanza ya vitendo darasa zima liliizunguka mashine, na Pilipili akaona migongo tu. Mwalimu, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi, alimwona akirukaruka kule nyuma ya watu.

"Wewe Pilipili, pita upande wa pili wa mashine. Simama tutazamane, utaona kila kitu."

Akapita. Na kweli aliona kila kitu: mikono ya mwalimu, gurudumu dogo la kusogezea kisu cha kukerezea, chuma kikizunguka. Pale pakawa pake mwaka mzima. Mwalimu alifanya kwa wema, jamani, na mimi simlaumu.

Kuona aliona, lakini kugusa ndiyo ilikuwa shughuli. Pale sheria ilikuwa mwenye nguvu mpishe, na wenye vifua walirudia zamu zao bila haya. Zamu ya Pilipili ilifika mara mbili. Ya kwanza umeme ulikatika mkono wake ukiwa bado hewani. Ya pili walimu waligoma, na walipomaliza kugoma zamu ilikuwa imeshasahauliwa. Angemlalamikia nani? Akajiambia mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nyumbani alichukua kifuniko cha sufuria, akakipigilia msumari ubavuni mwa meza ili kizunguke, na kila jioni akakizungusha kama alivyomwona mwalimu. Hivi, kisu kinaingia. Hivi, kisu kinatoka.

"Sasa mwanangu, sufuria nifunike na nini?" mama aliuliza.

"Funika na sahani, mama. Nikifaulu nitakukerezea kifuniko cha chuma."

"Cha chuma? Na wa kukiinua utanikerezea pia?"

Walicheka mpaka wali ukaungua.

Mtihani ulipofika, mtahini alitoka chuo kingine, mtu wa maneno machache. Kila mwanafunzi alipewa kipande kimoja cha chuma, na ukikiharibu ndiyo basi. Pilipili alipoitwa, alisimama mbele ya mashine ambayo mkono wake ulikuwa haujaigusa tangu aingie chuoni. Akaiona ngeni, kama nyumba ya kwao ambayo mtu ameuhamisha mlango wake. Akashika gurudumu, akalizungusha kuingiza kisu, na kisu kikarudi nyuma. Akazungusha kinyume, kisu kikaingia, na nyuzi za chuma zikaanza kujikunja na kudondoka vizuri kabisa. Mtahini akatikisa kichwa kukubali. Ilibaki kitu kimoja tu, kutoa kisu.

"Toa," alisema mtahini.

Mazoea yana taabu. Mkono ulifanya kile ulichofanya kila jioni mezani kwa mama yake. Kisu kilizama, mashine ikapiga kelele, kisu kikavunjika, na chuma kikatoka na shimo. Mtahini alizima mashine.

"Nimesema toa. Mbona unadidimiza?"

"Nilikuwa natoa," alisema Pilipili, na alikuwa anasema kweli.

Mtahini aliita anayefuata.

Wenzake walipoondoka, mwalimu alimwambia amwonyeshe alivyofanya. Pilipili akazungusha mkono hewani. Mzee alimtazama, kisha akaenda taratibu upande wa pili wa mashine, akasimama pale pale binti aliposimama mwaka mzima. Ukikaa kule, gurudumu linaloenda kulia unaliona linaenda kushoto. Alivua miwani.

"Mwanangu, ni mimi niliyekuweka huku."

"Niombee nirudie, mwalimu."

"Nimeshaomba. Maji yakimwagika hayazoleki, ndivyo mtahini alivyonijibu. Mashine nyingine nimeziomba tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Mimi hapa kazi yangu ni kuomba."

Akamweka mbele ya mashine, akashika mkono wake juu ya gurudumu. Hivi kinaingia. Hivi kinatoka. Mara ya tatu Pilipili alifanya mwenyewe bila kukosea, na ndipo alipolia, maana ilikuwa rahisi kiasi hicho.

Nyumbani alimkuta mama ameng'oa msumari, na kifuniko kimesuguliwa kinang'aa juu ya sufuria. Mama alikuwa na furaha ya mtu aliyemaliza kulea.

"Nimekirudisha changu. Mtihani si umeisha? Halafu mwenye karakana amepita hapa, anasema hana shaka umefaulu, Jumatatu uende na nguo za kazi. Nimekupunguzia suruali ya marehemu baba yako. Hebu ijaribu."

Pilipili aliipokea. Alitafuta pa kuanzia kumweleza, asipaone. Akaivaa ile suruali, akajigeuza mama amtazame, na ilimkaa sawasawa.